Msasa Kwenye Tairi

Siku za shule, kumwamsha Kiroboto ilikuwa vita. Blanketi lilivutwa huku, likavutwa kule, na saa ya ukutani ikiendelea na safari yake bila kumjali mtu. Lakini Jumamosi msichana huyo wa miaka kumi na miwili aliamka mwenyewe, akatandika kitanda, akaosha vyombo vya usiku bila kuambiwa, kisha akakaa mezani na chai yake huku mguu ukitikisika chini ya meza. Jumamosi ilikuwa siku ya mazoezi ya pikipiki.

Jina la Kiroboto alipewa na wenzake kwa sababu ya udogo wake, na pia kwa sababu hatulii. Mama yake alikuwa fundi wa kushona makochi ya ngozi, na ovaroli ya mazoezi ya binti yake aliishona kwa mabaki ya kazini. Mkono mmoja ulikuwa mweusi, wa pili wa kahawia, na mgongo ulikuwa na rangi ya kochi la mteja mmoja daktari. Urembo haukuwepo, nisiwadanganye, lakini magotini na viwikoni mama alitia pedi nene na kushona mara mbili.

"Umefunga mkanda wa helmeti?" mama aliuliza mlangoni.

"Mama, hata uwanjani sijafika."

"Nimeuliza mkanda, sijauliza uwanja."

"Nitafunga, mama."

"Na tumekubaliana nini?"

"Nisikufiche kitu chochote cha pikipiki."

"Siku ukinificha, ovaroli hiyo inarudi kuwa kochi. Haya, nenda salama, mwanangu."

Mazoezi yalifanyika nje kidogo ya mji, kwenye uwanja wenye uzio ambamo njia ya lami ilipinda na kujipinda bila gari hata moja kupita. Watoto wa klabu waliendesha pikipiki ndogo za mashindano, kila mmoja na yake aliyopangiwa. Kocha alikuwa mwanamke aliyewahi kushindana miaka mingi, mpole wa sauti lakini mkali wa macho. Aliwagawa watoto katika makundi mawili, kundi la polepole na kundi la mbio.

Kocha alikuwa na desturi yake. Kabla ya mazoezi pikipiki zilipangwa mstari, naye akapita akiinama na kupapasa matairi kwa kidole gumba. Pikipiki ikienda moja kwa moja, tairi hulika katikati tu. Kwenye kona, dereva anayejua kazi huilaza pikipiki upande, na kingo za tairi nazo zikagusa lami na kulika. Anayeogopa kulaza, kingo zake hubaki laini, zinang'aa kama siku tairi liliponunuliwa. "Tairi halijui kusema uongo," Kocha alipenda kusema. Watoto waliuita ule mng'ao ukanda wa woga. Kocha aliwakataza, lakini nyinyi wenyewe mnajua watoto wakikatazwa jina hulipenda zaidi.

Kwenye njia iliyonyooka hakuna aliyemweza Kiroboto. Tatizo lilikuwa kona moja kali iliyoitwa Kiwiko, iliyokuwa na ukuta wa matairi makuukuu upande wa nje. Akiikaribia tu, woga unamshika. Anakaa wima kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, anapita taratibu, na wenzake wote wanamwacha.

"Kiroboto, ukanda wako mpana hivyo," alimtania kijana mmoja wa kundi la mbio, mrefu aliyeitwa Twiga, "kwa nini usiukodishe watu waandike matangazo?"

Wote walicheka. Kiroboto naye alicheka, maana ukitaniwa usipocheka wanaongeza. Lakini maneno yale yalimchoma moyoni, hasa kwa kuwa Kocha alikuwa ametangaza kwamba watakaoiwakilisha klabu kwenye mashindano ya watoto watatoka kundi la mbio. Kiroboto aliyataka mashindano hayo kuliko kitu chochote duniani.

Angeweza kumwendea Kocha na kumwambia, naogopa Kiwiko, nisaidie. Hakwenda. Badala yake, wenzake walipokuwa wakinywa maji, aliingia karakana ya Mzee Spana, fundi wa klabu, akachukua kipande cha msasa rafini. Akapiga magoti kando ya pikipiki yake na kuanza kusugua kingo za matairi. Alisugua mbele, akasugua nyuma, mpaka mng'ao wote ukatoka na kingo zikawa na vumbi la mpira kama za bingwa. Kisha akasugua vidole kwa mchanga na kwenda kunywa maji.

Jumamosi iliyofuata Kocha alipita mstarini, akainama, akasimama.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu, Kocha."

"Kumbe umeanza kulaza kona kimyakimya. Hongera, binti. Leo unaingia kundi la mbio."

Wenzake walipiga makofi. Hata Twiga alimwinulia dole gumba. Kiroboto akatabasamu meno nje, lakini mkanda wa helmeti aliufunga, akaufungua, akaufunga tena.

Wakaondoka. Kwenye kona ndogo aliachwa nyuma, ila njia iliponyooka akawakuta, akampita na Twiga. Furaha ilimjaa kichwani mpaka akasahau kilichokuwa mbele yake, na mbele yake kilikuwa Kiwiko. Aliingia kwa mwendo ambao hajawahi kuingia nao. Hapo akafanya kosa la kila mwoga aliyepanda pikipiki: aliutazama ukuta. Pikipiki hufuata macho ya dereva wake, hilo muulize yeyote. Akashika breki katikati ya kona, pikipiki ikanyooka, ikatoka kwenye lami na kuangukia mchanga uliomwagwa mbele ya ukuta. Twiga, aliyekuwa nyuma yake, alikwepa ili asimgonge. Akateleza na kuangukia mkono.

Kiroboto aliinuka, akajipapasa. Kiwiko cha ovaroli kilikuwa kimechanika mpaka kwenye pedi, lakini chini ya pedi ngozi yake ilikuwa nzima. Alimshukuru Mungu, akamshukuru na mama yake kwa ule mshono wa mara mbili. Twiga hakuwa na bahati hiyo. Kifundo cha mkono kilivimba, na muuguzi wa uwanjani akamfunga bandeji.

Kocha aliizunguka pikipiki ya Kiroboto pamoja na Mzee Spana. Alishika ukingo wa tairi, akatikisa kichwa.

"Tairi limelika hadi ukingoni. Mtoto huyu anajua kulaza, kwa hiyo iliyomwangusha ni pikipiki. Mzee, upepo wa matairi ulipima?"

"Nilipima asubuhi, Kocha, kama kawaida."

"Labda kipimo chako kimechoka."

"Kipimo ni kizima."

"Mzee wangu, nakuheshimu sana. Lakini hawa ni watoto wa watu. Kuanzia leo usiguse pikipiki zao mpaka tulete fundi mwingine azikague."

Mzee Spana hakubishana. Alijifuta mikono kwa kitambaa na kuanza kurudisha spana zake kwenye sanduku. Kisha akaziacha, akamwendea Kiroboto aliyekuwa ameketi kwenye nyasi.

"Umeumia, mjukuu wangu?"

"Hapana, Mzee."

"Afadhali. Pole sana. Kama ni mkono wangu uliokosea, unisamehe."

Maneno hayo yalimwingia Kiroboto kuliko kuanguka kwenyewe. Mzee wa watu, mvi kichwa kizima, anamwomba yeye msamaha. Akaanza kulia. Akajua kwamba akisema, Kocha atamtoa kundi la mbio na mama atachukua ovaroli yake. Akajua pia kwamba asiposema, Mzee Spana ataondoka na aibu isiyo yake. Akasimama na machozi yake hivyo hivyo.

"Kocha, upepo ulikuwa sawa. Mzee hakukosea kitu. Tairi nililisugua mimi kwa msasa."

Watoto wote wakamgeukia.

"Ulilisugua kwa nini?" Kocha aliuliza.

"Ili uone ninalaza. Silazi, Kocha. Naogopa Kiwiko. Nimekiogopa tangu nije hapa."

Kocha aliinama tena na kulitazama tairi kwa makini. Sasa aliona michirizi iliyokwenda upande ambao lami haiwezi kukwaruza. Aliponyanyuka uso ulikuwa umekaza.

"Twiga angeweza kuvunjika shingo. Unalijua hilo?"

"Najua, Kocha."

"Haya. Nitakurudia wewe. Kwanza kuna mtu nimemkosea." Akamgeukia Mzee Spana. "Mzee, nimeliamini tairi kuliko nilivyokuamini wewe, na tumefanya kazi pamoja miaka yote hii. Naomba radhi."

"Yamekwisha, Kocha," alisema Mzee Spana. "Ila msasa wangu narudishiwa?"

Watoto waliangua kicheko, na Kiroboto akacheka huku akijifuta kamasi. Alimwomba Mzee msamaha, akamwomba na Twiga. Twiga akamwambia kwamba utani wake nao ulipita kiasi, na yale matangazo angeyaandika kwenye bandeji yake. Kocha alimrudisha Kiroboto kundi la polepole, akamwambia asipande pikipiki mpaka mama yake ajue yote.

Jioni hiyo mama alisikiliza yote. Alishika ovaroli, akapitisha kidole kwenye tundu la kiwiko, akakaa akilitazama.

"Nilikwambia nini kuhusu kunificha?"

"Kwamba itarudi kuwa kochi."

"Na leo umesema kwa sababu umebanwa?"

"Kwako nimetumwa na Kocha, mama. Lakini kwa Kocha nilisema mwenyewe. Hakuna aliyeniuliza."

Mama aliitundika ovaroli kwenye msumari. "Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Nashukuru tu kwamba yako imeishia kwenye mchanga, haikuishia hospitali. Jumamosi tunakwenda wote. Nataka nimsikie huyo Kocha atakufundishaje, ndipo niamue."

Jumamosi Kocha hakuwasha pikipiki yoyote. Alimchukua Kiroboto wakatembea Kiwiko kwa miguu, na mama nyuma yao na mkoba wake begani.

"Hapa ndipo unapopunguza mwendo," Kocha alisema kabla ya kona. "Hapa, si kule ndani. Breki ya ndani ya kona ni breki iliyochelewa. Sasa geuza uso utazame unakotaka kutokea. Unaonaje?"

Kiroboto akageuza uso. Akashangaa. "Kona ni pana, Kocha."

"Ni pana siku zote. Ulikuwa unautazama ukuta tu. Ukuta umeshajengwa, hauhitaji mtu wa kuutazama."

Mama alirudi peke yake hadi mwanzo wa kona, akaitembea tena akigeuza uso kama alivyosikia. Kisha akatoa ovaroli mkobani. Ilikuwa imeshonwa, na kiwikoni palikuwa na kiraka kipya.

"Asante, mama," alisema Kiroboto, akaivaa hapo hapo.

Basi akaanza upya na wadogo wa kundi la polepole. Kocha alisimama mwisho wa Kiwiko amevaa koti la rangi ya chungwa ili Kiroboto amtazame yeye. Mwanzoni macho yaliibia ukutani.

"Umeutazama ukuta," Kocha alisema.

"Kidogo, Kocha."

"Asante kwa kusema. Rudia."

Wakarudia, Jumamosi baada ya Jumamosi, mwendo ukiongezwa kidogo kidogo. Kisha asubuhi moja alipunguza mwendo mapema, akageuza uso, akaliona koti la chungwa, na pikipiki ikalala yenyewe chini yake kwa upole. Akaongeza mafuta taratibu, akatokea upande wa pili. Ukuta hakuuona kabisa. Aliizunguka njia yote mara nyingine na nyingine, akicheka ndani ya helmeti ambako hakuna aliyemsikia. Aliposimama, Mzee Spana alikuja kupima upepo, naye Kiroboto akaishika ile mikono yenye grisi na kumshukuru mpaka mzee akaona haya.

Mashindano ya mwaka ule hakuchaguliwa. Iliuma, na alikiri kwamba inauma. Twiga alichaguliwa, kwa kuwa mkono ulikuwa umepona.

Lakini kuna jambo lilibadilika pale uwanjani. Kocha aliacha kupapasa matairi mbele ya watoto. Siku ya mazoezi ya mwisho kabla ya mashindano aliwakalisha wote chini na kuwauliza, "Leo kila mtu aniambie anaogopa kona gani."

Watoto walitazamana. Kiroboto akainua mkono kwanza. "Kiwiko, Kocha. Siku hizi napita, ila bado nakiogopa."

Kisha mkono mrefu kuliko yote ukainuka nyuma.

"Ile ya karibu na geti," alisema Twiga, akitazama viatu vyake. "Kila siku. Sijawahi kumwambia mtu."

Hakuna aliyecheka. Mkono mwingine ukainuka, na mwingine, mpaka wadogo wa kundi la polepole wakabaki midomo wazi kusikia kundi la mbio likihesabu hofu zake.

"Mimi naogopa mchanga kwenye lami," alisema Kocha, "na nimeendesha tangu kabla hamjazaliwa. Sikilizeni, wanangu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Woga ukiutaja, tunakusaidia kuubeba. Ukiuficha, umeupakia nyuma ya pikipiki yako, na abiria huyo hasemi anashuka wapi. Hapa hakuna aliyejifunza kitu kabla ya kukubali kwamba hakijui. Kiroboto ndiye aliyenifundisha kuwauliza, na ninamshukuru."

Twiga alimgeukia Kiroboto. "Kona ya geti," alimwambia kwa sauti ya chini, "unaweza kusimama mwisho wake nikutazame?"

Kiroboto alikwenda kuazima koti la chungwa.