Wimbo wa Tatu, Upande wa Pili

“Mama Corinne, yule kijana anayempita binti yako kwa wanja, ndiye mkwe?” aliniuliza jirani yangu Yolanda tulipotoka kanisani. Nikamjibu kwamba hilo nimemwachia Mungu.

Binti yangu Corinne alikuwa akiuza santuri dukani, hapa Hollywood. Jumamosi moja, watu wamejaa, aliingia Dwight, huyo kijana wa wanja, mpiga gitaa wa bendi: suruali ya ngozi imembana, skafu tatu za waridi, nywele zimesimama kwa dawa.

“Dada, mnayo *Midomo ya Radi*?”

“Ipo. Hakuna anayeiulizia.”

“Mimi naiulizia.”

“Wewe uko kwenye jalada, wa pili kushoto. Hapo nywele zilikuwa na afya.”

Akacheka. Tangu siku hiyo simu yetu haikupoa.

“Umekula, malaika?”

“Nimekula. Umevua zile skafu?”

“Mbili tu.”

Maua ya mijakaranda yakadondoka njia nzima, na Corinne akatembea juu yake kama aliye usingizini.

Dukani, wauzaji huandika maoni yao kwenye kadi na kuichomeka nyuma ya santuri. Siku moja Dwight aliona kichwa cha kadi ya santuri yao kikichungulia: “Upande wa kwanza makelele. Mwimbaji kama kabanwa na mlango.” Mwandiko wa Corinne. Akaondoka, na simu ikanyamaza wiki tatu. Mwanangu akawa hali, anazungusha kijiko tu. Mwishowe akapiga yeye.

“Kumbe unanidharau,” Dwight akasema.

“Uliivuta kadi?”

“Nilisoma ya kutosha.”

“Chini nimeandika: upande wa pili, wimbo wa tatu, gitaa kama mtu anayesali peke yake. Inunueni kwa ajili ya huo tu. Gitaa ni lako, Dwight. Hizo nyingine sizisifu, hata unioe.”

“Hata nikuoe?”

“Hata hapo.”

Mungu anisamehe, wimbo huo nimeusikiliza mara nyingi. Unakushika mkono polepole, kama unavushwa mto wa maziwa.

Jumapili mchana Dwight akaja kwetu, nywele zimelala.

“Kampuni ya santuri imeiacha bendi yetu,” akamwambia Corinne. “Kesho narudi Ohio, kutengeneza magitaa na kaka. Wa kunisifia simtaki. Nakutaka wewe. Twende wote.”

Corinne akanigeukia.

“Usinitazame mimi,” nikasema. “Mimi nilishaolewa. Lakini mchungaji yuko kanisani mpaka saa kumi.”

Corinne akavua aproni, akavaa koti lake jekundu, akashika njia ya kanisani, mlango akamwachia Dwight wazi.