Figo Mbili za Mtu Mmoja

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kengele ya simu ya Mama ililia jikoni kwetu, mtaa wa Gugulethu, nami nikameza vidonge vyangu. Vilikuwa vya kuuzuia mwili usiikatae figo niliyopandikizwa nikiwa na miaka sita. Aliyetoa figo hiyo alikuwa ameshafariki, na jina lake hatukuambiwa. Figo yake ya pili alipewa Sonwabo, fundi viatu wa mtaa wa Langa, siku ileile; nilimwita Tata, yaani baba. Kliniki tulikaa benchi moja, naye aliniita pacha.

“Pacha wangu, mbona mvi nimeota peke yangu?” alinitania, na benchi zima likacheka.

Nilipotimiza miaka kumi na mitatu nikaingia kwaya ya shule. Dawa zilikuwa zimenivimbisha uso, na Nomzamo, mwenzangu wa kwaya, hakunipa nafasi ya kupumua.

“We Mashavu, humo ndani umeficha maandazi ya magwinya mangapi? Tugawie basi, tuna njaa!”

Mazoezi yalikuwa jioni. Vidonge nilivyopewa nivimeze huko nikaanza kuvitupa chooni. Mashavu yakapungua, sikuumwa popote, nikafurahi. Mjinga mimi!

Siku za kliniki tulikatazwa kumeza dawa kabla ya kutolewa damu, ili daktari aone kiasi kilichobaki mwilini. Kwa kuogopa kuumbuka, nilimeza vidonge vya asubuhi maradufu, Mama akiwa anaoga. Vipimo vikaonyesha dawa imezidi, na Daktari Adonis akanipunguzia. Mwezi uliofuata nikafanya vilevile, naye akapunguza tena.

Mwezi wa tatu nilimeza tena maradufu, lakini nilifika kliniki miguu imevimba, nikalazwa. Daktari alisimama kando ya kitanda changu akisoma majibu, amekunja uso.

“Dawa imejaa kwenye damu, lakini figo inaharibika. Labda ilikuja na ugonjwa kutoka kwa marehemu. Itabidi tumpime na mwenzako.”

Kesho yake Tata Sonwabo alifunga kibanda chake akaja. Miaka saba figo yake haikumsumbua hata siku moja. Alilazwa kitanda cha jirani, tumbo wazi, na muuguzi akaleta sindano ndefu ya kukata kipande kidogo cha figo.

“Mara chache huvuja damu, Tata,” daktari alimwonya.

“Choma tu, daktari. Kama itamsaidia pacha wangu, choma.”

Nilishindwa kuvumilia. “Msimchome! Hana ugonjwa wowote! Ni mimi, nimekuwa nikitupa vidonge!”

Nilieleza yote huku nalia. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kusimama dirishani, akanipa mgongo. Daktari aliirudisha sindano kwenye sinia.

“Na mimi nina kosa, Nosiphe,” alisema. “Nilisoma namba, sikukuuliza wewe.”

Nilitundikiwa dawa kali siku tano. Kila nilipopewa vidonge, Mama alinifungulisha mdomo ahakikishe nimemeza. Hakuwahi kunifanyia hivyo maishani, na aibu niliyoiona siwezi kuieleza.

Siku ya sita nilimuuliza daktari kama figo imepona.

“Imetulia, lakini nusu ya nguvu yake haitarudi. Ya Tata Sonwabo huenda ikafika miaka kumi mingine. Yako, ukiitunza sana, labda michache. Baada ya hapo ni mashine ya kusafisha damu, na kungoja upya.”

Ningetoa chochote nirudishiwe jioni zile za kwaya. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa amekaa nami kitandani.

Jioni Tata Sonwabo alikuja kuniona. Sikuweza kumtazama usoni.

“Nisamehe, Tata.”

“Nikusamehe nini? Mimi nimeponea sindano!” Alicheka, kisha akavuta kiti karibu na kunishika mkono. “Sikiliza, mwanangu. Mficha maradhi, kilio humfichua. Ungesema kuwa wanakucheka, tungekaa nawe tukatafuta njia. Kunyamaza kumekula nusu ya figo. Na yule aliyetupa hayupo, hatuna pa kwenda kumwomba radhi. Tutakachoweza ni kuitunza nusu iliyobaki.”