Ukingo wa Zamani

Abdulatif ni shemeji yake dada yangu, kwa hiyo haya sikuyaokota barabarani. Mwaka wa tisini na sita alikuwa mchoraji ramani Kigoma mjini, kijana wa Ujiji mwenye mkono safi na kiburi kidogo cha kusoma. Jumatatu ile alikunywa chai kwa chapati, akapanda baiskeli, akafika kazini mapema kama kawaida yake.

Miezi hiyo vita ya Zaire ilikuwa imewaka. Watu walivuka ziwa kwa boti na mitumbwi, wamelowa, wamebeba watoto na masufuria. Bwana Bonifasi, msimamizi wa mapokezi ya wakimbizi, akamtaka Abdulatif amtafutie kiwanja cha muda upande wa Ujiji. Sharti lilikuwa moja tu: pasiwe na makaburi, maana Ujiji ukichimba choo unakutana na mtu, na wenyeji wangekuja juu.

Abdulatif akafungua kabati, akatoa ramani ya Wajerumani. Akaibandika kwenye kioo cha dirisha, juu yake akaweka karatasi nyembamba aliyonakilia ramani mpya, jua likazipenya zote mbili. Akaona eneo zuri chini ya mji. Halina nyumba, halina kaburi, halina hata shamba. Ndani yake mna namba ndogondogo: mbili, tatu, tano, saba. Akasema hicho ni kimo, ardhi inapanda, maji hayatatuama. Alipokwenda kuangalia akakuta tambarare tupu, mchanga na majani makavu. Badala ya kujiuliza, akasema mvua za miaka mingi zimepasawazisha. Mtaa mzima umebanana, na pale hapana hata banda la kuku. Hilo nalo hakujiuliza. Mtu akishajiona mtaalamu, hata macho yake mwenyewe anayabishia. Nasema kwa hasira, na hasira yenyewe haijanitoka mpaka leo.

Hema arobaini zikasimamishwa. Asubuhi ya kwanza mikeka yote ililowa, na mvua haikunyesha. Asubuhi ya pili ikalowa tena, watu wakaianika wakinung'unika. Siku ya tatu, saa saba mchana, mzee mmoja wa Fizi, ng'ambo ya ziwa, aliyeitwa Selestini alikutwa kwenye mkeka wake, kinywa wazi, maji yakimtoka puani. Mganga wa zamu akamgeuza, akambonyeza tumbo. Yakamwagika maji na dagaa mmoja mbichi.

"Huyu amekufa maji," mganga alisema kwa sauti ya chini.

Ziwa lilikuwa mwendo wa robo saa. Na tangu alfajiri mzee hakutoka hemani.

Abdulatif alikuwa amesimama mlangoni pa hema wakati mwanamke wa hema ya jirani alipomvuta mkono. Aliitwa Verediana. Amebakiwa na mtoto mmoja, Diana, wa miaka sita. Wawili aliwazika ng'ambo kabla ya kupanda boti.

"Mutoto anasema kuko batu chini ya mukeka," alinong'ona.

"Watu gani, dada?"

"Hajui. Banamuomba mukono."

Diana alikuwa amekaa kando, anakohoa. Alichotema kilikuwa maji na mchanga.

Abdulatif alirudi ofisini mbio, akaibandika tena ile ramani dirishani. Safari hii aliitazama kama mtu anayetafuta kosa lake. Mstari mwembamba uliopita chini ya msikiti, ambao aliuhesabu kuwa ni njia ya miguu, haukuwa njia. Ulikuwa ukingo wa ziwa. Ziwa lilifika pale zamani, kisha likarudi nyuma likaacha mchanga. Na zile namba hazikuwa kimo cha ardhi, zilikuwa kina cha maji. Alikuwa amewalaza watu mia mbili ndani ya ziwa.

Akaenda nyumbani kwao, kwa shangazi yake, Ummy, aliyekuwa akigeuza dagaa uani.

"Shikamoo, shangazi."

Shangazi hakuitikia. "Ungeniuliza," alisema. "Mimi niko hapa kila siku, ungeniuliza mimi kabla ya hilo karatasi lako!"

"Kuna nini pale?"

Akatazama mlangoni kwanza, kisha akashusha sauti. "Babu zetu walikuwa wakivusha watu kutoka ng'ambo, wamefungwa. Ukizuka ugonjwa wa ndui ndani ya mashua, wagonjwa hawakushushwa. Mji ulikataa. Walitupwa majini palepale, pwani wanaiona, na watu wamesimama ukingoni wanatazama."

"Mashua za nani?"

"Usiniulize unachokijua."

Alikijua. Nyumba alimozaliwa ilijengwa na mwenye mashua.

Kesho yake asubuhi alimfuata Bonifasi, akamweleza yote, ramani mkononi. Bonifasi alikuwa akipanga mapokezi ya wakaguzi.

"Wageni wanakuja Ijumaa," alisema. "Hema zimenyooka, nimeshasaini. Wewe unaniletea mizimu?"

"Mzee amekufa maji katika nchi kavu, bwana."

"Amekufa. Wakimbizi wanakufa, Abdulatif. Wangetaka pazuri wangebaki kwao."

Abdulatif alimwambia dada yangu kwamba siku hiyo ndipo alipojua mtu anaweza kutamani kuua. Kilichomchoma zaidi ni kwamba maneno yale aliwahi kuyasikia. Yalisemwa kwao, barazani, na yeye akacheka pamoja na wengine. Akambwagia Bonifasi ramani mezani, akatoka.

Alipofika uwandani ilikuwa saa saba kasorobo, jua la utosi. Verediana alikuwa akipiga kelele. Diana amelala chali mchangani, nje ya hema. Macho wazi. Nywele zinaelea.

Zinaelea, na hapana maji.

Abdulatif akamnyakua. Akakimbia kuelekea msikitini, kwenye ule ukingo wa ramani. Hatua kumi zilikuwa za kawaida. Ya kumi na moja ikawa nzito. Kitu baridi kikamfika magotini. Akatazama chini: mchanga mkavu. Kikafika kiunoni. Kikafika kifuani. Akamwinua mtoto juu ya kichwa.

Kisha wakamshika.

Mikono. Kwenye vifundo, kwenye mapaja, kwenye pindo la shati. Mikubwa na midogo. Haikumvuta chini. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Ilimshika kama mtoto anavyoshika kanga ya mama yake sokoni.

"Shikeni!" alipiga kelele, analia kwa hasira, na hakujua amemkasirikia nani, babu yake au Bonifasi au yeye mwenyewe. "Shikeni basi! Twendeni!"

Akavuta. Mishipa ya shingo ikasimama. Watu wa hemani walimwona kijana mmoja akitembea polepole juani, ameinama mbele, anakokota asichokiona mtu. Akaufikia ukuta wa msikiti. Akapiga magoti. Maji yakamtoka Diana kinywani, mengi, kisha akavuta pumzi, akalia kilio kizuri cha mtoto mwenye njaa.

Verediana akampokea. Wengine hawakungoja amri ya mtu, waling'oa turubai zao wakapanda juu ya mji. Bonifasi alifoka mpaka sauti ikamkauka, na Ijumaa wageni wakakuta mchanga mtupu.

Mchana uleule, kabla hata hema hazijang'olewa, Abdulatif alikuwa angali amepiga magoti aliposikia mwadhini amekatisha adhana katikati. Akageuka. Kuanzia pale ukutani, juu ya vumbi jekundu la barabara, zilipita nyayo mbichi. Nyingi. Za wakubwa, za watoto, za mtu mmoja aliyechechemea. Hazikukauka, na jua lilikuwa linachoma. Akazifuata, akazikuta zimegawanyika, chache nyumba hii, chache nyumba ile, zote nyumba za zamani. Nyingi zaidi zilikwenda moja kwa moja mpaka kwao.

Shangazi Ummy alikuwa amesimama kando ya mlango, amewapisha.

"Wangapi wameingia?" alinong'ona Abdulatif.

"Niliacha kuhesabu."

"Wametoka?"

Shangazi akatikisa kichwa.

Katika ile nyumba nimewahi kulala mimi mwenyewe. Sakafu ya sebule imepigwa saruji mara mbili. Kiangazi, wakati hata mtungi unakauka, unyevu unatokea juu yake kwa umbo la nyayo, zimejipanga ukuta hadi ukuta. Vidole vyote vimeelekea vyumba vya kulala.