Nusu ya Daraja

Kitu cha kwanza alichokiona Ruolan kwa yule kijana kilikuwa kamba za viatu: moja nyeupe, nyingine ya buluu. Ngazi za kando ya mto zilijaa watu walioinua simu, wakingoja taa za mji wa Chongqing ziwake ng'ambo, na kijana alikuwa amepiga goti mbele yake, kamera jichoni.

"Mrembo, sogea kidogo. Unaniziba daraja."

"Mimi napita tu."

"Basi pita polepole, nikuone."

Aliitwa Kuang. Kazi yake ilikuwa kuwapiga picha wasichana waliokuja kuutazama mji usiku. Ruolan alikuwa akisafisha matumbo ya ng'ombe jikoni, katika mkahawa wa mchuzi wa pilipili mtaa wa juu. Tangu jioni ile akawa anapita pale kila siku. Alimwambia Kuang kazi inaisha saa moja, na saa moja kamili alishuka ngazi, nywele zinanuka pilipili, wakatembea pamoja mpaka kituo cha treni.

Lakini kwa kweli kazi iliisha saa kumi na mbili. Saa nzima alikaa nyuma ya kibanda cha mama muuza tambi baridi, akitazama.

Alichokitazama kilimuunguza. Kuang akimwinua msichana kidevu kwa kidole. Kuang akimwekea mwingine nywele nyuma ya sikio. "Mrembo, cheka kidogo. Mrembo, tazama mto." Katika mji ule kila mwanamke huitwa mrembo, hata muuza tambi mwenye mvi. Ruolan alilijua hilo, ila moyo wake ulikataa kulijua.

Asubuhi moja kazini alifungua simu akaona Kuang amebadilisha picha ya profaili. Zamani aliweka paka. Sasa ni daraja lenye taa zote, lakini limekatwa katikati, umebaki upande wa kushoto.

Ruolan akakaa juu ya ndoo. Pale jikoni kila msichana mwenye mchumba alikuwa na picha ya namna hiyo. Mmoja anaweka nusu, mwenzake nusu nyingine. Kwa hiyo kuna mwanamke, mahali fulani, mwenye nusu ya kulia.

Jioni hiyo alivumilia nyuma ya kibanda mpaka karibu saa moja. Kuang alikuwa na mteja mmoja tu, dada mrefu mwenye gauni jekundu la hariri, kola imembana shingo, mpasuo hadi pajani. Dada alipotoa simu apokee picha zake, Ruolan alitoka mafichoni, akachungulia begani kwake. Profaili ilikuwa tunda la pichi.

"Ruolan, unatafuta nini kwenye simu ya mteja?"

"Daraja."

"Daraja si hilo nyuma yako?"

"Nusu ya kulia. Muulize unayemshika kidevu tangu saa kumi na mbili na nusu." Akapanda ngazi bila kugeuka.

Simu ililia mara tatu akaikata. Ya nne akapokea.

"Lan, uko wapi?"

"Nyumbani."

"Mbona nasikia treni?"

"Nyumba yetu ina treni."

Kuang akacheka kidogo. "Ile picha niliyokutumia wiki iliyopita, umeifuta?"

"Ipi? Ile iliyoharibika? Si nilikwambia umelikata daraja?"

"Uliniambia. Ukanitumia na vikaragosi vitatu vinacheka."

"Hukuandika neno hata moja, Kuang."

"Niliona aibu. Ulipocheka nikajua umenikataa kwa utani. Jana usiku nikaweka nusu yangu, nikasema labda ukiiona utaelewa. Kutwa nzima wenzangu wananiuliza daraja langu linakwenda wapi."

Ruolan alisimama kituoni, treni ikaondoka bila yeye. Alirudi nyuma katika ujumbe wao mpaka akaipata: daraja limekatwa katikati, upande wa kulia. Akaiweka kwenye profaili yake.

Alimkuta Kuang ameketi kwenye ngazi, kamera imo begini, kamba nyeupe na ya buluu zimelegea. Hakumwita mrembo.

"Lan wangu," alisema. "Umekuja."

"Weka simu yako hapa. Na yangu hapa."

Wakaziweka magotini, upande kwa upande. Daraja likafika ng'ambo.

"Sasa niulize na mimi," Kuang akasema. "Umejuaje kwamba yule wa gauni jekundu alikuja saa kumi na mbili na nusu? Si ulikuwa kazini?"

Ruolan alitazama viatu vyake. Muuza tambi aliacha kuosha bakuli, akatega sikio.

"Hawa watu wote wanakuja kuangalia taa," Ruolan akasema taratibu. "Mimi taa za mji huu sijaziangalia hata siku moja. Kazi yangu inaisha saa kumi na mbili, Kuang. Hiyo saa nzima huwa nimekaa pale nyuma ya tambi, nakuangalia wewe."