Tiki Moja kwa Mama

– Ulimwambia mama yako kwamba Jumatatu hamtaingia kazini, sivyo?

Purity alimtazama yule afisa asiyevaa sare. Yeye alikuwa ameitwa kituo cha polisi kuulizwa kuhusu group ya WhatsApp ya wafanyakazi wenzake wa shamba moja la maua huko Timau, waliochoka na dawa inayowachubua mikono.

– Mama yangu alikufa miaka miwili iliyopita.

– Lakini si unamwandikia, afisa akasema huku akitabasamu.

Ni kweli, kila jioni aliiandikia namba ya marehemu yale asiyoweza kumwambia mtu. Simu ya mama ilikuwa imezimwa, imefungiwa sandukuni, na kila ujumbe ulibaki na tiki moja, ya kutofika. Siri hiyo hakuwahi kumwambia binadamu yeyote.

Purity aliachiliwa saa hiyohiyo. Ruguru, rafiki yake wa kufunga maua, alilala ndani siku mbili. Alipotoka alimwambia neno moja tu:

– Umetuuza.

WhatsApp husema mazungumzo yamefungwa, hata wenye mtandao hawayasomi. Basi tundu lilikuwa kwake mwenyewe. Purity alifungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa na akaunti yake, akakuta kompyuta asiyoijua, inayoonyesha kila anachoandika, imetumika asubuhi hiyo. Akakumbuka jinsi Desemba Lennox, mchumba wake mwenye cyber, duka la intaneti, pale Kiirua, alivyoichukua simu yake eti aitoe virusi.

Hakuiondoa ile kompyuta kwenye orodha. Kesho yake wazee wa kina Lennox walikuwa waje na kibunda cha miraa ya kuposea, kama ilivyo desturi Meru, na tayari kilikuwa kimeagizwa Kangeta. Mchana huo akamsihi Ruguru aje nyumbani. Akaketi naye pamoja na baba yake, akaandika:

"Mama, kesho nitaikataa miraa ya Lennox mbele ya wazee."

Tiki moja. Chai haikuwa imepoa simu ilipoita. Purity akaiweka kwa spika.

– Babe, kwani nimekukosea wapi?

– Kuhusu nini?

– Si hiyo maneno ya kesho. Usiniaibishe mbele ya wazee, tafadhali.

– Nani amekuambia maneno ya kesho?

Purity akaisogeza simu karibu na baba.

– Hiyo nimemwandikia mama, Lennox.

– Sikia, nilikuwa nakuprotect. Huyo jamaa wa polisi alikuja hapa cyber akasema nimpe hiyo group ama wakushike. Nikamwambia asikuguse. Si hawakukugusa?

– Walimshika Ruguru.

– Ruguru si bibi yangu.

Ruguru aliweka kikombe chini, akasogeza kiti chake karibu na cha Purity.

– Na za mama? Hizo pia ulimpa? Purity akauliza.

– Sikumpa. Alikuwa anakaa tu kwa mashine anajisomea. Ningemfukuza aje?

Purity alihisi kama ameshikwashikwa mwili mzima na mikono michafu.

– Ile ya mimba kutoka. Aliisoma?

– Purity...

– Nimekuuliza, aliisoma?

– Aliisoma. Lakini mimi nililia. Haki nililia.

Mtu anasoma uchungu wa mpenzi wake kwenye kompyuta ya cyber, mgeni amekaa kando anasoma naye, halafu anataka sifa kwa kulia. Mimi ninayewasimulia nimemtafutia jina Lennox nikakosa. Purity naye hakumtukana.

Baba alinyoosha mkono akaichukua simu.

– Lennox, ni baba yake Purity. Waambie wazee wenu wasisumbuke kesho. Hiyo miraa mtafune wenyewe.

Akakata. Hapo ndipo Purity alipogundua kwamba baba alikuwa amesikia kila kitu, na ile ya mimba pia. Aliinamisha kichwa.

– Hiyo maneno ungeniambia mimi, baba akasema taratibu.

– Niliogopa, baba. Nilijua utakasirika.

– Ningekasirika, ndiyo. Halafu ningekupeleka hospitali.