Seta wa Jericho

— Haloo, mpenzi, uko wapi?

Kimeu aliisikia sauti ya Teresiah mara mbili: kwenye simu, na nje ya mlango wao.

Alinyata mpaka dirishani, akachungulia kando ya pazia. Ni yeye. Fulana ya bluu, filimbi shingoni, karatasi mkononi. Walijuana kwenye kundi la wapenda voliboli mtandaoni, wakapendana kwa simu miezi saba. Kila Teresiah alipotaka waonane, Kimeu alikuwa na sababu: leo mechi, kesho homa, kamera ya simu imeharibika. Na sasa msichana amesimama hatua tatu kutoka alipo.

— Niko mazoezini huku Kayole, akanong'ona.

— Mbona unanong'ona?

— Kocha ni mkali.

— Una bahati. Mimi niko mtaa wa Jericho nagonga milango. Vijana wanasema watakuja, hawaji. Timu ninayoifundisha ina wanane tu. Nisipofikisha kumi na wawili Jumamosi, saa zetu za uwanja wanapewa wengine. Njoo unisaidie hata siku moja, Kimeu. Wakimwona mchezaji kama wewe watatoka.

Mchezaji! Alicheza kweli, lakini shuleni, na picha aliyomtumia ilikuwa ya siku hizo. Tangu amalize kidato cha nne, miaka mitatu sasa, kazi yake ilikuwa kitanda, simu na sahani. Alinenepa, akaona haya kutoka. Kadiri alivyokaa ndani, ndivyo haya ilivyozidi.

Hodi ikapigwa. Kimeu akajificha nyuma ya kochi. Mama yake, Mbeti, akatoka jikoni akafungua.

— Habari yako, mama? Tunatafuta vijana wa voliboli. Hapa kuna kijana?

— Kijana yupo, lakini huyu wangu hatoki. Kimeu! We Kimeu! Njoo usalimie mgeni.

Teresiah akaitazama simu yake. Bado ilikuwa hewani.

— Kimeu? akaita polepole.

Jina likasikika nyuma ya kochi, kwenye simu ya Kimeu. Hakuwa na pa kukimbilia. Akajitokeza.

— Hii ndiyo Kayole? Teresiah akauliza.

— Tess, nisikilize...

— Kila Jumamosi unaniambia mmeshinda! Nawasimulia vijana wangu habari zako!

— Niliogopa. Ungeniona nilivyo ungenikimbia.

— Nani alikuambia nilipenda kiuno? Nilipenda mtu. Sasa hata huyo mtu simjui.

Akashuka ngazi bila kugeuka.

Kimeu alituma ujumbe: “Nisamehe.” Tiki mbili za bluu; ameusoma. Jibu hakuna. Mama akaketi ukingoni mwa kitanda.

— Mwanangu, huyo msichana hakuondoka kwa sababu ya mwili wako.

— Najua, mama.

— Basi mbona bado umelala?

Kimeu akainuka. Kulikuwa na kundi la WhatsApp la vijana wa Jericho wanaocheza mchezo wa mpira kwenye simu, arobaini hivi. Walijuana kwa majina ya mchezo tu. Akarekodi sauti:

“Niaje, wasee. Mimi ndiye mnaniita Simba Mkali. Ukweli ni kwamba nina miaka ishirini na moja na nikipanda ngazi nahema kama mzee. Nimemdanganya msichana kwamba mimi ni mchezaji, amenishika. Jumamosi saa tatu asubuhi naenda uwanjani. Nitachekwa. Nani atakuja tuchekwe pamoja?”

Akajibu mmoja, jina lake halisi Abdiqani: “Mimi nina kilo mia na mbili. Nipitie.”

Akafuata Koki: “Sijakimbia tangu darasa la nane. Wasichana wanaruhusiwa?”

Jumamosi walifika saba. Teresiah aliwahesabu, akahesabu tena: pamoja na wanane wake, walizidi kumi na wawili.

— Jina? akamuuliza Kimeu bila kumtazama.

— Kimeu.

— La kweli?

— La kitambulisho.

Watu wakacheka. Teresiah hakucheka.

Mzunguko wa kwanza tu, Kimeu alitapika kando ya uwanja.

— Gari limeisha mafuta! wakapiga kelele vijana waliokaa juu ya ukuta wakitazama.

Teresiah akamletea maji.

— Unarudi nyumbani?

— Hapana. Nipe dakika mbili.

— Nakupa moja.

Alirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Vidole vyake vikaanza kukumbuka kazi ya zamani: alikuwa seta, yule anayewatengenezea wenzake mipira wapige. Abdiqani alikuwa anaogopa kuruka.

— Ruka tu, buda, Kimeu akamwambia. Mpira nitauleta pale mkono wako unapofika.

Akauleta. Abdiqani akaupiga, ukalia kama mlango wa bati. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeweza kumzuia. Baada ya miezi mitatu uwanja ulikuwa na vijana thelathini, na wale wa ukutani walishashuka, wakaomba fulana.

Siku moja Teresiah alimfuata Kimeu aliyekuwa akikunja wavu.

— Kwa nini bado unakuja? Sijasema nimekusamehe.

— Najua. Lakini siku hizi naamka nikiwa na hamu ya kuamka. Hata usiponisamehe, Jumamosi nitakuja.

Teresiah akageuza uso. Aliondoka haraka, machozi yasije yakamwaibisha.

Ikafika mechi ya mitaa, Jericho na Makadara. Kila timu ilikuwa imeshinda seti moja. Katika seti ya mwisho, inayoishia pointi kumi na tano, ilikuwa kumi na nne kwa kumi na tatu, Jericho mbele. Makadara wakaanzisha mpira kwa nguvu. Koki akajitupa chini, akauokoa. Kimeu akaufuata mbio, mbio za kweli, akauinua juu ya wavu.

— Abdi!

Abdiqani akaruka. Paa! Ukaanguka katikati ya uwanja wa Makadara.

Jericho ililipuka. Mbeti, mama yake Kimeu, alipiga vigelegele mpaka leso ikamtoka kichwani. Teresiah akawapenya watu, akamfikia Kimeu.

— Nimekusamehe.

— Lini? Sasa hivi?

— Mwezi mzima umepita. Nilinyamaza usije ukalegea.

— Wewe ni mkali kuliko makocha wote!

— Sema unachotaka kusema, Kimeu. Watu wanatuangalia.

Alivuta pumzi. Zamani angetafuta pa kujificha.

— Teresiah, sina picha nyingine ya kukuonyesha. Ni huyu tu. Unamtaka?

— Namtaka huyu, akasema kwa sauti kubwa, akambusu shavuni palipojaa vumbi na jasho, na uwanja mzima ukashangilia kuliko ulivyoshangilia ushindi.