Sili ya Mwisho ya Baba

Kila alasiri, akitoka shule, Chiriku alipitia karakanani kwa mama yake. Alivua sare, akavaa gauni kuukuu, akafagia mabaki ya chuma chini ya kerezo, mashine ya kuchongea vyuma, kisha akaosha beringi kwa mafuta ya taa hadi gololi zake zizunguke bila kukwaruza. Jina hilo la utani alipewa na mjomba wake kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika. Lakini tangu baba yake afariki, alimaliza kazi zote kimya, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumtania.

Karakana hiyo ilitengeneza mota za kuchimbia visima, nyembamba kama mkono wa mtu mzima. Mota hizo hushushwa ndani ya shimo, zikazungushwa na maji yanayosukumwa kwa nguvu. Maji hayo huchanganyika na mchanga. Mchanga ukipenya, beringi husagika na mota hukwama. Kinachouzuia ni sili, pete ya mpira inayokaza kwenye mhimili. Mota nene hupokea sili nene. Katika hizi nyembamba, hata nafasi ya kupumulia hakuna. Baba alizihangaikia sili hizo maisha yake yote ya kazi. Aliyoitengeneza mwisho, kabla kifua hakijamlaza kitandani, ilidumu kuliko zote.

Mota yenye sili hiyo iliporudi kutoka kazini, baba alikuwa ameshazikwa. Mjomba aliifungua, akaiweka sili mezani. Chiriku aliinusa. Ilinuka grisi, kama mikono ya baba. Akaitia mfukoni, akaenda nayo nyumbani, akaificha chini ya godoro.

Tangu siku hiyo mambo yalikwenda mrama. Mama alijaribu kutengeneza sili nyingine, lakini kila mota iliyopelekwa kwenye kisima kilichokuwa kikichimbwa zahanati ilirudi imekwama. Huko zahanati, akina mama waliokwenda kujifungua walibeba maji yao kwa ndoo.

"Ningeipata ile ya shemeji yako," mama alisema, akijifuta jasho, "ningeikata nione ndani."

Kusikia "ningeikata", Chiriku aliinamisha kichwa kwenye beseni la mafuta ya taa.

"Dada, niliiweka hapa mezani," mjomba akajibu.

"Uliiweka, ikaota miguu? Wewe hujawahi kutunza kitu! Kumbukumbu yake ya mwisho, umeitupa na takataka!"

Mjomba, ambaye hata msibani alijitahidi kuwachekesha watoto, alivua glavu zake za kazi akatoka nje. Chiriku alimkuta ameketi juu ya tairi bovu, macho mekundu.

"Mjomba, ni moshi?"

"Ni moshi, mwanangu."

Lakini siku hiyo hakuna aliyekuwa amechomelea chochote.

Chiriku hakuweza kustahimili zaidi. Alikimbia nyumbani, akarudi akihema, akaiweka ile sili kiganjani mwa mama yake.

"Mimi ndiye niliyeichukua. Mjomba hana kosa. Niliogopa kuirudisha kwa kuwa utaikata, na mimi sina kitu kingine cha baba."

Mama aliitazama sili, kisha mtoto, kisha mlangoni, alikokuwa amesimama mjomba. Hakugomba. Alikaa chini sakafuni, kwenye vumbi la chuma, akalia kwa sauti. Tangu mazishi hakuwa amelia mbele ya mtu.

Alipotulia, alimwomba ndugu yake radhi. Halafu akachukua wembe. "Utaishika wewe," akamwambia binti yake. Chiriku akaishika, machozi yakimchuruzika, nayo sili ikapasuliwa katikati.

Ndani waliona kilichokuwa kimejificha. Ukingo wa mbele, ulioinama kuelekea mchanga, ulikuwa mzima kabisa. Nyuma yake, mpira ulikuwa umeanza kuchanika, na punje za mchanga zilikuwa zimenasa humo.

"Hata hii ilikuwa inaelekea kufa," mjomba akasema polepole.

"Ukingo wake wa mbele ndio siri," mama akasema. "Nyuma unahitaji mwenzake, na grisi katikati."

Mama alipunguza upana wa nyumba ya beringi, kasha linaloishikilia, ili nafasi ya ukingo wa pili ipatikane. Sili za kwanza zilipasuka kwenye pipa la majaribio lenye maji ya tope. Akabadilisha mpira, akaanza tena, na tena. Hatimaye walifungua mota wakakuta grisi safi, haina hata punje ya mchanga. Baadaye zahanati ikapata maji.

Jioni ya siku habari hiyo ilipofika karakanani, mama alimketisha Chiriku kando yake.

"Kumlilia baba yako si kosa, mwanangu. Hata kutamani kitu chake si kosa. Kosa ni kuficha ukweli mpaka mtu mwingine akabebeshwa lawama zako. Na mimi nilikosa pia, nilihukumu kabla ya kuuliza. Siku nyingine moyo ukikuuma, niambie. Tutaumia pamoja."

"Ningekwambia, ungeikata bado?"

"Ningeikata. Lakini ningekukumbatia kwanza."

Wakafunga karakana. Njiani kuelekea nyumbani mama alianza kumsimulia jinsi alivyokutana na baba, na walipofika mlangoni hawakuingia, wakaendelea kusimama hapo mpaka hadithi ikaisha.